Kopo la Nyundo

Kwa miaka arobaini na minne, Fundi Randa hakuwahi kufunga karakana yake Jumamosi kabla hajaisimamisha nyundo yake ndani ya kopo la maji. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, karatasi yake ilibanduka zamani. Nyundo ilikaa humo kichwa chini mpini juu hadi Jumatatu asubuhi, na mpini ukanywa maji taratibu, ukavimba, ukakibana kile kichwa cha chuma barabara. Mkewe alilijua kopo lile kama alivyoijua foronya yake. Ndiye aliyelijaza mume akisahau, na ndiye aliyemkatalia binti yao alipotaka kulipandia maua.

Mke huyo watu walimwita Mama Vifungo. Alikuwa mshonaji: viti vya magari, makochi, mapazia, na magodoro ya watu wasiotaka kununua mapya. Shule aliishia ya msingi, na hesabu aliziacha hukohuko, ila alikuwa na aproni yenye mifuko miwili, na mifuko ilikuwa na vifungo vya kila namna. Akiwa na kitu cha kuhesabu, alihamisha kifungo kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia, kimoja kimoja, na hakukosea. Waliosoma kumzidi walikosea mbele yake, naye akawasahihisha kwa upole huku akipapasa mfukoni.

Sasa, habari ya boti.

Alipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa, Mama Vifungo alikuwa akishona vifungo vya mashati katika duka moja karibu na ziwa. Fundi Randa alikuwa kijana mwanafunzi wa useremala, mwembamba kama fito, suruali imefungwa kwa kamba. Saa ya mapumziko walikutana kwenye ngazi za gati, wakakaa wakiitazama boti ya nyumba ya wageni ikivusha watu kwenda ng'ambo. Ilikuwa boti ya mbao nyekundu iliyong'aa mpaka ungeweza kujitazama humo ukichana nywele, na viti vyake vilikuwa vya rangi ya maziwa. Haikuwa boti ya watu wa aina yao.

"Nitakuvusha," kijana alimwambia siku moja.

"Kwa chombo gani?"

"Kwa boti yangu."

Msichana alicheka hadi akaangusha sindano majini. Lakini aliolewa naye, na lile neno akaliweka mahali, kama mtu anavyoweka kipande cha kitambaa kizuri akijua siku yake itafika.

Miaka ikapita kama ipitavyo. Nyumba ya wageni ilifungwa. Boti ikapotea machoni. Siku moja, nywele zao zimekwisha kuwa nyeupe, Fundi Randa alikwenda kwa mfugaji mmoja kurekebisha mlango wa banda la kuku, akaikuta. Kuku walikuwa wakitaga chini ya usukani. Aliipata kwa kabati moja na vitanda viwili, akaileta nyumbani juu ya mkokoteni huku jogoo mmoja akikataa kushuka.

Alifanya kazi miaka saba. Mbao zilizooza alizitoa, akaweka mpya za mti uleule, akazipiga randa, msasa, vanishi, msasa tena, vanishi tena, tabaka kumi na moja. Injini ilikuwa kazi ya mkwe wao, fundi makanika, kijana mpole aliyeongea na injini kuliko alivyoongea na watu. Viti alishona Mama Vifungo mwenyewe, rangi ya maziwa, na mkanda mwekundu ukizunguka kila ukingo. Akashona na mfuko mdogo pembeni ya kiti chake, wa kuwekea miwani atakapokuwa katikati ya ziwa.

Miaka miwili sasa boti ilikuwa imekamilika. Na miaka miwili ilikuwa haijagusa maji.

"Lini, mzee?" aliuliza mwanzoni.

"Vanishi haijakomaa, bibie."

Vanishi ikakomaa. Ikawa mvua. Mvua zikaisha, ikawa jua kali mno. Halafu injini ikawa inataka kusikilizwa, na mkwe akaja akaisikiliza, akasema haina neno. Fundi Randa akasema labda imenyamaza kwa aibu.

Mama Vifungo hakugombana. Alijua kinachomsumbua mumewe, ingawa mume hakujua kwamba anajua. Mchana mmoja alimpelekea chai karakanani, akamkuta amelala chali sakafuni chini ya boti. Ndani ya boti mzee alikuwa amewasha taa. Mwanga ulikuwa ukipenya kati ya mbao, mistari myembamba kama nyuzi za pamba, mmoja hapa, mwingine pale. Mwaka uliotangulia mzee alikuwa ameziba nyufa zote kwa puti. Sasa zilikuwa zimefunguka nyingine. Mzee aliinua mikono yake kwenye ule mwanga, akaitazama viganja, akaigeuza, akaitazama migongo. Aliitazama kama mtu anayemtazama mfanyakazi wake wa siku nyingi na hajui amwambieje kwamba kazi imemshinda.

Mama Vifungo alirudi nyuma na chai yake. Alipofika mlangoni pa nyumba akageuka, akaja tena, safari hii akikohoa na kuburuta kandambili ili mwenzake apate muda wa kuinuka.

Tangu siku hiyo hakuuliza "lini" tena. Lakini usiku wa mifupa kuuma, alipokuwa akisugua magoti yake dawa, alijiuliza mwenyewe: miaka mingapi zaidi goti hili litakubali kupanda boti?

Basi Fundi Randa alipokuja siku moja na fomu mkononi, uso umechangamka, moyo wa mkewe ulishtuka kidogo.

"Nimeiandikisha," alisema.

"Wapi?"

"Maonyesho ya magari ya zamani. Uwanja wa michezo. Jumamosi na Jumapili."

"Magari, mzee?"

"Ina usukani. Ina injini. Ina honi. Nimewaambia."

Walikaa wakaijaza ile fomu pamoja mezani. Idadi ya milango: hakuna. Idadi ya tairi: hakuna. Breki: hapo mzee alifikiri kidogo, akaandika "upepo ukiwa mbele." Mama Vifungo alicheka mpaka akavua miwani. Lakini moyoni alielewa. Juu ya trela, katikati ya uwanja mkavu, boti haiwezi kuzama. Huko mumewe angeweza kuionyesha kazi ya mikono yake bila mikono yenyewe kuulizwa swali. Na baada ya hapo ingerudi karakanani, ikae.

*

Jumamosi asubuhi mkwe aliwavuta kwa pikapu yake, akaiweka boti mahali walipoonyeshwa, akaahidi kurudi kesho yake saa tisa. Mwanamke aliyekuwa akiandikisha, mwenye kofia pana, aliizunguka boti mara mbili akibonyeza kalamu yake.

"Sina kundi la vitu kama hivi, wazee wangu."

"Weka popote," alisema Fundi Randa.

"Nitawaweka kwenye magari yasiyo na paa." Akawabandikia karatasi: 43.

Namba 42, jirani yao, lilikuwa gari dogo la bluu lenye macho ya mviringo, na mwenye nalo alikuwa dereva mstaafu wa malori. Alijitambulisha kwa kupiga honi.

"Niiteni Mzee Honi. Shemeji, karibuni. Hiki chombo chenu kimepotea njia?"

"Kimekuja kuwaona ndugu zake," alisema Mama Vifungo. "Wale wasiojua kuogelea."

"Hilo limenipata." Akainama kuangalia chini ya trela. "Mzee mwenzangu, hii kazi ya nani?"

"Yangu," alisema Fundi Randa, polepole.

"Basi mimi nikizaliwa tena nitakuwa ubao uje kwako."

Watu walianza kuingia. Walipita kwenye mabampa ya kromu na mataa ya shaba, wakafika namba 43, wakasimama. Baba mmoja alimbeba bintiye juu aone viti. Mama mmoja aliuliza mkanda ule mwekundu ulishonwaje bila kukunjana kwenye kona, na Mama Vifungo akamweleza kwa urefu, kona kwa kona, mpaka mume wa yule mama akaenda zake. Fundi Randa alisimama kando, mikono nyuma, akijibu maswali. Ndiyo, mbao ileile. Hapana, si rangi, ni mti wenyewe. Mkewe alimtazama, akaona shingo yake imenyooka kwa namna aliyokuwa hajaiona kwa miaka miwili. Akajiambia, haya, kama ni hivi tu basi, nayo ni kitu.

Saa saba na nusu majaji waliingia upande wa pili wa uwanja, na upepo ukaleta vumbi jekundu. Likatua juu ya kila kitu. Wenye magari wakarukia vitambaa na ndoo. Fundi Randa alikuwa amekwenda kumtafutia mkewe kiti chenye mgongo. Mama Vifungo alikuwa akieleza kona.

Mzee Honi alikuwa na mpira wa maji. Aliosha gari lake, akalisuuza, halafu kwa ujirani mwema akageukia boti. Aliosha nje, akaona ndani nako kuna vumbi, na yeye maisha yake yote alikuwa akiosha malori, na lori unaliosha ndani kwa mpira, maji yanajitokea mlangoni. Akautumbukiza mpira ndani ya boti. Mtu akamwita upande wa pili aje awashe gari lililogoma. Akaenda. Mpira ukabaki ndani unamwaga.

Mama Vifungo alisikia kabla hajaona. Sauti ndogo, tiki tiki, kama cherehani inayoanza. Alipogeuka, boti ilikuwa ikivuja. Haikuvuja mahali pamoja. Ilivuja kwenye kila mshono, kutoka puani hadi nyuma, maji yakichuruzika kwa mistari ileile aliyokuwa ameiona kwa mwanga wa taa. Vumbi chini ya trela likageuka matope.

"Jamani, boti inavuja," mtu alisema.

"Inavujaje na haiko majini?"

"Hii inavuja kinyume. Ukiitia ziwani, ziwa litaingia lote."

Watu walicheka. Si kicheko kibaya sana, ni cha watu walio matembezini. Lakini Fundi Randa alikuwa amesimama pale nyuma yao, kiti kimening'inia mkononi, na alikuwa amesikia. Alikiweka kiti chini taratibu. Alikwenda kwenye bomba, akafunga maji. Kisha akarudi, akapiga goti nyuma ya boti, mkono wake ukaenda kwenye kizibo cha shaba, kile cha kutolea maji.

Mama Vifungo aliweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe.

"Acha kwanza."

"Bibie, wanatazama."

"Watazame. Acha."

"Ni lazima yatoke. Maji na mbao si kitu kimoja. Maisha yangu yote nimepigana na unyevu. Droo ikipata unyevu haifunguki, mlango ukipata unyevu unagoma." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Nimeiweka kavu kama unga, miaka miwili. Kavu kabisa. Na bado inafunguka. Ni mikono. Mikono imenichoka, mke wangu, na nilitaka usijue."

"Nilijua."

Mkono wa mzee ukabaki kwenye kizibo.

"Nyundo yako," Mama Vifungo alisema, "huwa unaifanya nini Jumamosi?"

"Nyundo si boti."

"Mpini ni mti. Ukilegea unaunywesha. Hujawahi kusema mikono imekuchoka kwa sababu mpini umelegea."

Mzee akautoa mkono wake kwenye kizibo, akainuka kwa kujikongoja, akaenda akakaa nyuma ya gari la Mzee Honi akiupa uwanja kichogo. Hakukubali, wala hakukataa. Mkwe asingekuja hadi kesho, na boti haikuwa na miguu.

Mama Vifungo alivuta kile kiti chenye mgongo, akakaa karibu na tumbo la boti. Alitoa kwenye aproni chaki yake ya kushonea, ile bapa ya bluu. Kila mshono uliokuwa ukivuja aliutia alama. Alama zilikuwa kumi na saba. Akachagua ile iliyokuwa mbaya kuliko zote, akaweka chini yake ndoo ya plastiki ya kuoshea magari, akamwomba yule mwenye kofia pana saa yake ya mkononi.

Mzee Honi alirudi, akaona matope, akaona mpira wake. Alivua kofia.

"Shemeji. Nimewaharibia."

"Hujaharibu. Lakini sasa unayo kazi."

"Sema."

"Trela inalalamika kwa uzito. Tafuta jeki."

Alikwenda, na baada ya muda kidogo alikuja na wenye magari watatu na jeki nne. Watu hawa hawakujua kitu kuhusu boti, lakini uzito waliujua. Waliinua, wakaweka magogo chini ya mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, wakapima kwa macho, wakabishana, wakainua tena kidogo upande wa kulia. Jaji mmoja alikuja akauliza kuna ajali gani, akaambiwa hakuna ajali, namba 43 inakunywa maji.

"Ongezeni maji, ila yasifike kwenye injini," Mama Vifungo aliwaambia. "Mbao zilizo juu ya maji zitandazieni magunia mabichi. Yakikauka, yalowesheni."

Kisha akaanza kuhesabu. Mwanzoni hapakuwa na kitu cha kuhesabu. Maji yalikuja mfululizo, na akaandika kwa chaki ubavuni mwa boti, herufi za darasani kwake zilizosimama wima kila moja peke yake: *Saa nane, mfululizo.* Saa tisa ule mfululizo ulikatika ukawa matone. Aliyahesabu dakika nzima, kila matone kumi kifungo kimoja. Vifungo kumi na tatu vilihamia kulia, na tone moja juu. Akaandika. Saa kumi: sitini na nne. Alama tano alizifuta kwa kidole, maana mahali pake palikuwa pamekauka.

Watu waliopita walimkuta bibi ameketi chini ya boti akihesabu midomo ikichezacheza, wakashusha sauti zao bila kuambiwa, kama watu waliopita mlangoni pa mgonjwa aliyelala.

Saa kumi na mbili, jua likiwa limelala juu ya paa za magari, aliandika: *19.* Fundi Randa alikuja kumwita waende nyumbani. Hakuangalia chini ya boti. Alimshika mkewe kiwiko kumsaidia kusimama, na goti likalia kama kawaida yake.

"Mimi nalala humu kwenye gari langu," Mzee Honi alimnong'oneza Mama Vifungo. "Magunia niachie."

Nyumbani, mzee alifungua karakana kurudisha sanduku la vifaa. Mkewe alikuwa uani anaanua nguo, mlango uko wazi, akamwona. Alimwona akitoa nyundo sandukuni, akakijaribu kichwa chake kwa kidole gumba. Kilikuwa kimelegea kidogo. Alikwenda kwenye kopo, akasimama ameishikilia nyundo juu ya maji, na akabaki hivyo, muda mrefu kuliko inavyohitaji kazi hiyo. Hatimaye akaiingiza. Akafunga mlango. Alipopita uani alichukua upande mmoja wa shuka aliyokuwa akiikunja mkewe, wakaikunja pamoja, pembe kwa pembe.

*

Jumapili waliingia uwanjani mapema, umande bado uko kwenye majani. Fundi Randa alikuwa amebeba kopo lake, nyundo imo, maji yakimwagikia kwenye kiatu. Mkewe hakuuliza kwa nini amelileta.

Mzee Honi alikuwa ameketi juu ya bampa lake akipiga miayo.

"Nimelowesha mara sita," alisema. "Tangu alfajiri sijasikia kitu. Nilidhani nimekuwa kiziwi."

Fundi Randa alitandika gunia, akalala chali chini ya boti kama alivyokuwa akilala karakanani. Alama za chaki zilikuwa pale, na kando yake maandishi ya mkewe. Alisoma yote kwa sauti ndogo, saa baada ya saa. Kisha akaweka kiganja chake juu ya mshono uliokuwa mbaya kuliko zote, akakiacha hapo. Alipokitoa akakitazama. Kilikuwa na vumbi, na vumbi lilikuwa kavu.

"Bibie. Nipe chaki."

Alimpa. Akiwa bado amelala, mzee akaandika mstari wa mwisho chini ya ile mingine: *Jumapili, saa moja, 0.* Halafu hakutoka. Mama Vifungo aliona miguu yake tu, viatu vimenyooka, na akajua anafuta macho, akasogea mbele kidogo ili sketi yake iwazibe watu wengine wasimwone.

Majaji walifika saa nne. Mkubwa wao, mwanamke mwenye miwani ya mnyororo, alisoma karatasi yake.

"Namba arobaini na tatu. Nimeambiwa inavuja."

"Jana ilikuwa na kiu," alisema Fundi Randa.

"Na leo?"

"Leo imeshiba."

Jaji alipitisha kidole kwenye ubao. "Kazi hii ni nzuri kuliko nyingi humu. Lakini sheria yetu moja inanifunga. Gari lisilotoka langoni kwa injini yake halipati alama."

"Basi andika sifuri, mama," alisema mzee. "Hata sisi tumeandika sifuri, na tumefurahi."

Jaji alimwangalia kama mtu asiyejua acheke au aombe radhi, akaandika, akapita.

Kombe lilikwenda kwa basi moja la njano. Mzee Honi hakupata kitu, akasema amezoea. Saa tisa mkwe aliingia na pikapu, akawaamkia, akaunganisha trela, akasimama mlangoni pa pikapu akisubiri.

"Tunarudi nyumbani, baba?"

Fundi Randa alimgeukia mkewe. "Sasa naweza kutoa kizibo?"

"Sasa toa."

Maji yakatoka kwa tundu moja, lile lililotengenezwa kwa kazi hiyo, yakaenda zake kwenye majani. Yalipokwisha, mzee alikirudisha kizibo, akakikaza, akakipiga kidogo kwa nyundo. Kichwa cha nyundo hakikucheza.

"Pitia njia ya ziwani," akamwambia mkwe.

Kwenye gati zile ngazi zilikuwapo bado, mbili zimevunjika. Mkwe alirudisha trela kinyumenyume hadi boti ikaelea, akaiwasha injini, akaisikiliza, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akampandisha mama mkwe wake, akashika goti lile bovu kwa mikono miwili kama anavyoshika kitu cha kioo. Mama Vifungo alikaa kwenye kiti alichokishona mwenyewe. Aliweka miwani kwenye mfuko wake.

Fundi Randa alibaki kwenye ngazi ya mwisho. Mguu mmoja ulikuwa ngazini, mwingine umeinuka kidogo, hauendi.

"Mzee," mkewe alisema. "Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa nasubiri. Ukichelewa tena kidogo nitaondoka mwenyewe, na usukani sijui hata unageuzwaje."

Mguu ukaja. Boti ikainama upande wake, ikajirudi. Alitoa nyundo kwenye kopo, akamkabidhi mkwe, akamwaga maji yaliyobaki, na kopo tupu akampa mkewe.

"Shika. Ukiona maji, chota. Na uhesabu."

"Nitahesabu."

Walipoondoka, huko nyuma barabarani, ambako gari dogo la bluu lilikuwa limewafuata bila kualikwa, honi ililia mara moja.

Mzee alishika usukani kwa mikono miwili, ile mikono yake, na mwanzoni hakutazama kitu kingine ila sakafu. Katikati ya ziwa akainua kichwa. Upepo ulikuwa mwepesi. Nyumba za ng'ambo zilikuwa zikikua, kwanza paa, kisha madirisha, kisha nguo zilizoanikwa, na Mama Vifungo aliziangalia zikikua kwa utulivu wa mtu anayetazama kitu alichoambiwa habari zake siku nyingi. Kopo lilikuwa mapajani. Mkono mmoja ulikuwa mfukoni, mfuko wa kushoto, kifungo kimoja tayari kati ya vidole.

Boti iligusa ng'ambo kwa kishindo kidogo. Fundi Randa alizima injini. Kukawa kimya, maji yakipigapiga ubavu kwa nje.

"Matone mangapi?" akauliza.

Mama Vifungo aliinama, akapitisha kiganja chini ya miguu yao, polepole, kona hadi kona, kama anavyopima kitambaa.

"Subiri," akasema. "La kwanza bado sijalipata."